Masikio Yaonekane

Mwezi una siku nane, maji ni mafu,
na hayo ndiyo tunayoyataka.
Bamvua huvuruga mchanga, hata kiganja chako hukioni;
maji mafu hutulia kama mteja aliyeambiwa asipepese.

Tunaingilia Mjimwema saa moja na nusu asubuhi,
mimi na Sikudhani, mitungi migongoni.
Kijana anayepanga viti vya plastiki mchangani
ameuliza tena, kama juzi:
"Shangazi, gesi hiyo mnauzaje?"
"Hii haipiki, mwanangu. Hii hurudisha watu."

Tunakwenda kinyumenyume, mapezi ya mpira miguuni,
tukiwakwepa wale weusi wa miiba, wasiosamehe kisigino.
Maji kifuani. Maji kidevuni.
Kisha jiji lote, na jenereta zake na honi zake,
linakatika kama redio iliyoishiwa betri.

Miaka kumi na tisa nilikuwa na studio Tandika:
pazia la buluu, stuli moja,
kioo, na kitana kilichofungwa kamba kisiibwe.
Picha za pasipoti, nne kwa elfu mbili.
Kazi nzima ilikuwa maneno haya:
Tazama hapa. Usicheke. Masikio yaonekane.

Huku chini, mita saba, hakuna anayenitii.
Bunju amejivimbisha kabla sijaomba.
Chewa amenigeuzia mkia.
Taa kajifukia mchangani, kaacha macho tu,
kama mpangaji anayemchungulia mwenye nyumba tarehe mosi.
Na masikio? Nani humu ana masikio?

Nimejifunza kazi upya, mtu mzima wa miaka hamsini na minne:
kushusha pumzi polepole ili mwili usipande,
kutogusa. Kutogusa hasa.
Kungoja mwenye sura aamue mwenyewe.

Sikudhani anagonga mtungi wake kwa pete ya ndoa, ngo, ngo:
njoo.
Ni shimo la zamani, la baruti,
upana wa chumba na sebule.
Matumbawe ni kifusi, mtaa uliopitiwa na tingatinga
bila hata ile eksi nyekundu ukutani.
Na katikati ya kifusi, ndani ya kopo la rangi,
pweza,
kajifungia mlango kwa kombe mbili.

Nikaelea shibiri mbili juu ya mchanga.
Akatoa jicho. Kisha mkono mmoja, taratibu,
kama anayetafuta swichi gizani,
akashika kioo cha kamera, akakionja,
akabadilika: kijivu, kahawia, rangi nisiyoijua jina,
halafu weupe,
weupe ule ule wa ukuta wanaoutaka ubalozini.

Nilipiga moja. Moja tu.
Sikudhani akanionyesha saa ya hewa, imeshuka hamsini,
akainua dole gumba.
Mjini hilo ni "safi kabisa"; huku ni "twende juu".
Mara hii nilitamani liwe la mjini.

Studio ilikufa simu zilipojifunza kupiga picha.
Niliondoka na droo moja:
nyuso ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua.
Mia mbili na kitu. Kijana wa safari ya Muscat.
Mama aliyesema narudi jioni, baba, sina chenji.
Ubaoni niliandika:
Mzigo ukizidi miezi mitatu hatuhusiki.
Nimehusika tangu hapo.

Usiku huu nimemchapa pweza, saizi ndogo, nne kwa karatasi,
nimemkata kwa mkasi ule ule.
Jicho wazi. Nyuma peupe. Hakucheka.
Kwa penseli nimeandika: Mjimwema, kopo la rangi, hajalipa,
nikamtia drooni, juu ya kijana wa Muscat.

Mwezi ishirini na mbili, maji yakifa tena,
nitapita nione kama bado anakaa pale.